Nywele za Maksai

Jumatatu, 3 Machi

Msusi wangu kaniuliza leo kama uvivu ni wa kurithi. Nikamwambia hatujui vizuri. Akasema, sasa mnasomea nini miaka yote hiyo? Mumewe hatoki kitandani, mama mkwe hatoki kitandani, yeye jibu analo tayari. Anachotaka ni muhuri tu. Ndiyo kazi yangu machoni pa watu: kugonga muhuri juu ya wanachokijua.

Na muhuri wa wiki hii ni wa Mjomba! Chama cha wafugaji kinataka vinasaba vya ndama wa Mheshimiwa vipimwe kabla ya maonyesho ya Jumapili, ili apewe cheti cha nasaba. Mheshimiwa ni fahali wa Mjomba. Mweusi, shingo kama pipa, akipita watu wanampisha bila kuambiwa. Majirani huleta ng'ombe wao walale zizini kwake siku mbili tatu. Chuo kikuu nimesoma kwa jasho la fahali huyo. Mjomba husema hivyo mbele ya wageni, nami hutazama zulia.

Nilimwambia mkuu wa maabara—tunamwita Barafu—kwamba si haki nipime mifugo ya mtu aliyenilea. Akasema nywele hazina mjomba. Pima.

Nimeng'oa nywele za mikia ya ndama mwenyewe, pamoja na mizizi. Mke wa Mjomba alinishikia bahasha. Akauliza kwa nini lazima mzizi. Nikamwambia siri yote imo humo. Nikachukua na za Mheshimiwa, na za Mkokoteni, maksai mzee anayevuta pipa la maji. Hulala zizi moja na Mheshimiwa. Bila yeye bwana mkubwa huvunja mlango. Kila upimaji unahitaji mmoja ambaye jibu lake linajulikana mapema. Nilitaka dume asiyeweza kabisa kuwa baba. Nani zaidi ya aliyehasiwa?

Jumatano, 5 Machi

Hapana. Hapana!

Nimechanganya mirija. Lazima nimechanganya mirija. Ndama wote kumi na wawili, hata mmoja si wa Mheshimiwa. Wote ni wa Mkokoteni.

Maksai!

Nimevua glavu, nimenawa, nimerudi kuanza upya na nywele zilizobaki.

Alhamisi, 6 Machi

Vilevile.

Ijumaa, 7 Machi

Barafu alitazama kioo cha kompyuta muda mrefu, halafu akacheka mpaka akavua miwani. Sijawahi kumwona akicheka. Kumbe ana jino la dhahabu. Akasema koleo la kuhasia likikosa mshipa mmoja tu, maksai anabaki dume, na hasemi. Kwa nini aseme? Amelishwa, halindwi, hashukiwi. Halafu akaacha kucheka. Cheti kitakuwa na jina lako chini, akasema, si langu. Kasome unachotaka kukisaini.

Sijala tangu asubuhi. Nawaza mambo ambayo sikutaka kuyawaza. Yule ng'ombe mwekundu, kwa mfano. Mjomba alimpenda, akamfungia peke yake na Mheshimiwa kwenye zizi la nyuma, apate ndama safi. Mwaka mzima, wapi! Tasa, wakasema. Akaenda machinjioni. Mheshimiwa akabaki Mheshimiwa. Hakuna aliyemuuliza swali.

Mke wa kwanza wa Mjomba alirudishwa kwao kwa neno hilohilo. Nilikuwa mdogo, nakumbuka sanduku lake mlangoni. Sasa ana watoto watatu huko alikoolewa. Watu husema hewa ya huko ni nzuri. Hewa! Na mimi, mwenye shahada mbili, nimelisikia hilo miaka yote na kuitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa anamwosha Mheshimiwa kwa sabuni ya kuogea, ile ya wageni. Nikamwita ndani. Nikaeleza polepole, kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza, kisha akapiga paja kwa kicheko. "Mashine yenu imelewa! Maksai azae? Siku ile ya kuhasiwa nilimshika miguu mimi mwenyewe!"

"Nimepima mara mbili, Mjomba."

Akatoka. Nilimwona dirishani. Alikwenda nyuma ya Mkokoteni, akachuchumaa, akachungulia. Alikaa hapo muda mrefu, mtu mzima na kofia yake, akimchungulia maksai. Mkokoteni aliendelea kutafuna. Kicheko kilinipanda mpaka kooni, halafu Mjomba akainuka kwa kushika goti, na kicheko kikafa.

Aliporudi alinawa mikono kwanza.

"Anajua nani mwingine?"

"Mkuu wangu wa kazi."

"Watataka Mheshimiwa achinjwe awe nyama. Watanicheka mpaka kaburini. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Basi kiandike cheti vilevile. Kitanda hakizai haramu, mama. Zizi langu nalo hivyohivyo. Kilichozaliwa humo ni changu."

Nikasema sayansi haiendi hivyo. Jibu la kijinga, ndilo nililokuwa nalo.

Akanitazama. Hakupandisha sauti. "Siku ile nilipokupeleka shule, waliuliza baba wa mtoto ni nani. Nikasema mimi. Kuna mtu aling'oa nywele?"

Nikakusanya karatasi zangu mezani.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sijui tangu lini. Miaka kumi na minne katika nyumba hii, na kila anayekuja humtazama tumbo kabla ya kumsalimu uso. Ameshika sinia sawasawa, hakuna kikombe kilicholia. Alisema maneno matatu tu, bila kumtazama mtu.

"Kumbe si ng'ombe."

Mjomba akarudi nje kumsuuza fahali wake.

Jumapili, 9 Machi

Uwanja wa maonyesho. Naandikia gotini, herufi zinapinda. Mwandiko wa daktari, angesema Mjomba.

Mheshimiwa yuko katikati, utepe mwekundu shingoni, anang'aa. Ng'ombe aliyeshinda kwa maziwa ni binti yake. Binti yake! Watu wanapiga makofi. Wanaume wawili nyuma yangu wanabishana. Mmoja anasema damu haidanganyi, ona paji la uso, ni baba mtupu. Mwenzake anasema hata mwendo. Mkokoteni yuko kule getini, amebeba pipa la maji ya wageni. Paji lake la uso! Mbona hakuna anayeangalia kule?

Cheti kiko mapajani. Sehemu ya saini iko wazi.

Mke wa Mjomba amekaa ubavuni mwangu, kitenge kipya. Sasa hivi kanisogezea kitu kiganjani. Kikaratasi kimekunjwa mara nne. Nikadhani ni peremende.

Nywele. Fupi, zina mvi.

"Nimezing'oa na mizizi," kaninong'oneza. "Kama ulivyofanya kwa ndama. Alikuwa kalala, akadhani mbu."

Mungu wangu! Nimemwambia nywele peke yake hazisemi jambo hilo, Mama, kuna vipimo vingine, hospitali, na lazima mwenyewe akubali, aende kwa miguu yake—

"Basi niambie kimoja tu. Unachosoma wewe, ng'ombe mwekundu alikuwa na kosa?"

"Nadhani hakuwa nalo."

Ameitikia kwa kichwa taratibu. Anatazama uwanjani, machozi yanamtoka na anatabasamu, na wale wawili nyuma wanadhani ni furaha ya ushindi.

Jina langu limeitwa. Mtaalamu wetu, binti wa nyumbani, aje asaini mbele ya watu! Mjomba amevua kofia, ananitafuta kwa macho kati ya viti. Ameniona. Mtangazaji anapapasa mifuko yake, anauliza kwenye spika nani ana kalamu.

Ninayo mimi. Ni hii.