Buti za Kushukia Kwaraa

Dada Veronika, shikamoo.

Najua bado unaviwazia vidole vyangu tangu kucha mbili ziliponing'oka katika safari iliyopita. Jana, katika gulio la Babati, nilikagua jozi moja ya buti kwa makini: mshono, soli, ngozi. Sikuona kasoro. Muuzaji, Mama Paskali, mkulima kutoka milima ya Mbulu, alizishikilia.

“Mwalimu, unapanda Mlima Kwaraa na hizi?”

“Zinanitosha, mama.”

“Zinakutosha ukiwa umesimama. Vaa soksi mbili, halafu shuka pale kwenye kifusi.”

Nilishuka. Vidole viligonga mbele kila hatua.

“Mwalimu anajifunza kutembea,” mteja mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Mama Paskali hakucheka. “Kupanda hakuumizi, kushuka ndiko kunakoumiza. Sisi tunashuka na magunia ya mahindi, tunajua.” Akanitafutia jozi kubwa zaidi, yenye sura mbaya na kamba zisizofanana.

Leo nimeshuka Kwaraa katika manyunyu, na kucha zote kumi zipo, hata zile mbili zilizoota upya. Nilipita alikofikia mjini kumshukuru, nikamweleza habari za wasiwasi wako.

“Mwambie dada yako alale,” alisema.

Basi lala, dada yangu. Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Anselmi