Shilingi za Karatasi za Bi Kazija

Mke mwenzangu Bi Kazija,

Shilingi zako zimekubaliwa. Zote, mpaka ile iliyoliwa pembe na mende. Nimeona nikwambie hili kabla ya salamu, maana nnajua ulivyokuwa huna subira na mtu anayezunguka maneno. Sasa ndiyo nakusalimu: amani ya Mungu iwe nawe huko uliko.

Naandika kwa herufi za Kiarabu, hizi hizi tulizozipata chuo cha Kurani, na mkono wangu ungali mbaya kuliko wako. Nivumilie. Kuna maneno nlipaswa kukwambia ungali hai.

Siku uliyorudi kutoka mjini nlikuwa kisimani na wanawake wenzetu. Gari la abiria la shamba lilishafika, na habari zako zilishatangulia: Bi Kazija kapeleka noti za bandia sokoni Darajani, Bi Kazija kashikwa na polisi. Mwenye duka la vyombo kazinyanyua shilingi zako juani, watu wakakusanyika, naye akapiga kelele, "Shilingi ya karatasi! Nani kaiona shilingi ya karatasi? Mwizi huyu!" Ukakalishwa kituoni tangu asubuhi mpaka alasiri, wewe ambaye hujawahi hata kuchuma ndimu ya mtu. Wakakurudishia kopo lako la noti na kukwambia uende zako, usirudie tena.

Na mimi nlisema nini? Nlisema, "Mwenzangu keshafungua kiwanda cha noti." Walicheka mpaka maji yakamwagika. Kumbe ulikuwa nyuma yangu, Kazija. Ulijitwika debe lako ukaenda.

Nlijua fika zile shilingi zilikotoka. Nlikuwepo. Wakati wa vita vya pili vya Wazungu tulifukia makumbi ya nazi pamoja pale pwani, tukayafukua yananuka, tukayaponda, tukasokota kamba mpaka viganja vikatoka damu. Serikali ilizitaka kamba kwa wingi. Mimi nlilipwa, nikaziacha dukani siku ile ile kwa kanga, bila hata kuzitazama. Wewe nawe ulilipwa kwa zile zile karatasi, kwa sababu shilingi za fedha zilikuwa hazionekani, ukazitia kwenye kopo la chai. Ulitaka vyombo vya shughuli. Ulikuwa umechoka, kila harusi ya hapa kijijini Uroa, kwenda kuazima sufuria kijiji cha pili na kurudi na masimango. Vitani sufuria hazikupatikana. Baada ya vita bei zikapaa. Ukangoja. Hukuzitia mkono hata mwaka ule tuliokula mihogo mitupu. Ulipokwenda kuzitoa, watu walikwishasahau kwamba shilingi iliwahi kuwa ya karatasi.

Nami pia nlisahau. Au nlijifanya. Ilikuwa rahisi zaidi kucheka.

Tangu siku hiyo hukwenda harusini wala hitmani. Watoto walikuita Bi Noti. Kifua kilipokushika, ulinishika mkono ukasema, "Mize, zile ni halali yangu." Nami nikakuitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Ee, dada. Ee.

Arobaini yako ilipokwisha, mume wetu Pandu akanitaka nizichome, polisi wasije wakamtafuta yeye. Ulimjua Pandu na hofu zake. Nlilichukua kopo mpaka jikoni. Moto ulikuwa umeshakolea. Nikatoa moja, ya zambarau iliyopauka, na mara ya kwanza maishani mwangu nikaitazama. Kando ya picha ya mfalme palikuwa na Kiarabu. Nikasoma kama tulivyosoma chuoni, herufi kwa herufi: shilingi moja.

Kazija, nlikaa chini. Imeandikwa! Mimi na wewe tumesoma chuo kimoja, tumekaa mkeka mmoja, na sikuwahi hata siku moja kukwambia, hebu lete nione. Nlilia hapo mbele ya moto, nikaumwagia maji. Pandu akauliza, "Ushazichoma?" Nikamwambia, "Mume wangu, leo utakula chakula cha jana."

Asubuhi nlivaa buibui nikapanda gari. Sikwenda dukani. Nlikwenda benki, mimi ambaye nlikuwa sijawahi kuukanyaga mlango wake. Karani kijana akaigeuza noti mara mbili akanisukumia. "Hii siyo, bibi." Nikafikiri, ndivyo ulivyosimama wewe, na kwako palikuwa na watu wanapiga kelele. Nikasema, "Mwanangu, wewe hujaiona, au umeambiwa siyo? Ni mambo mawili hayo." Kisha akaenda kumwita mkubwa wake.

Akatoka mzee mmoja wa miwani. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaniitikia, "Marahaba." Akaichukua noti, na Wallahi, Kazija, uso wake ulichanua kama aliyekutana na jamaa yake wa siku nyingi. "Hizi! Nani kakuwekea hizi?" Akamwambia yule kijana kwamba zilitolewa wakati wa vita, sarafu zilipokuwa adimu, na kwamba hakuna aliyezifuta. Ni halali leo kama zilivyokuwa siku ile. Halali! Alilitumia neno lako lile lile.

Akataka kunibadilishia, anipe shilingi za kawaida. Nikamwambia, "La, bwana. Nataka zipokewe vile vile zilivyo, pale pale zilipokataliwa." Nikamweleza habari yako, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama saa ya ukutani, akachukua kofia yake, akasema, "Twende."

Tulikwenda Darajani, yeye mbele, mimi nyuma na kopo lako. Mwenye duka alipoliona kopo alianza kupandisha sauti, ila alipomwona mzee wa benki sauti ikashuka. Watu walikusanyika tena, kama siku yako. Mzee akainyanyua noti juu juani, akasema kwa sauti ya adhana, "Hii ni shilingi. Kila mwenye macho aitazame. Atakayeikataa aje aniulize mimi." Wakapokezana. Mmoja akasema naye alikuwa nayo, mama yake kaibandika ukutani kama picha!

Mwenye duka akaisugua kwa kidole. "Bibi," akasema polepole, "mimi sikuwahi kuiona."

"Hukuwahi kuiona, sawa," nikamwambia. "Lakini hukusema hujaiona. Ulisema mwizi."

Akauliza uko wapi akuombe radhi. Nikamwambia uko Uroa, chini ya udongo. Akakaa juu ya gunia lake akasema mbele ya watu wote, "Nimemkosea yule bibi. Mungu amrehemu, na mimi anisamehe." Sikumjibu kwa niaba yako. Hayo ni yako na yake.

Nikachagua sufuria nne kubwa, masinia, na miiko. Akataka kunipa upawa bure. Nikamwambia, "Upawa tutaununua. Bi Kazija ana pesa." Akaipokea noti yako ya mwisho kwa mikono miwili.

Wachukuzi wa mkokoteni walituchukulia vyombo mpaka kwenye gari la shamba, na njia nzima kurudi vililia juu ya paa la gari kama ngoma ya beni. Uroa walitoka kutazama.

Jana ilikuwa harusi ya binti wa Bi Siti, jirani yetu. Hakuna aliyekwenda kuazima popote. Kabla chakula hakijapakuliwa nlisimama mbele ya wanawake wote, nikawaambia zile noti zilikuwa nini, nani alizitolea jasho, na nani alicheka kisimani. Nlilitaja jina langu. Nikadhani watanizomea. Halafu Bi Siti akapiga kigelegele, mwengine akapokea, na mwengine, mpaka wanaume huko barazani wakauliza bibi harusi keshatoka? Hapana. Walikuwa wakikushangilia wewe. Watoto waliokuita Bi Noti walikula mpaka wakalala palepale ukumbini.

Nlitamani uwepo. Nlitamani sana.

Nakuaga sasa, mke mwenzangu. Pumzika, jina lako ni safi. Vyombo nitavitunza mimi, na nakuahidi hili: kila mwanamke atakayekuja kuviazima, hata kama ana haraka, hata kama ni mgeni, nitamkalisha kwanza nimwambie kwamba Kazija alisema kweli na mimi Mize sikumwamini. Hatolisikia kwa mtu mwengine. Atalisikia kwangu.

Mke mwenzio,
Mize