Bonyeo la Madigadi ya Kushoto

Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa nimelelewa vizuri, si kwa kuwa nina furaha nawe. Huku sote wazima, ila macho ya baba yamezidi kufifia.

Eti nimeliharibu gari. Sanduku la vipande vya plastiki ulinitumia wewe, sikatai: Chevrolet ya zamani, ndogo mara ishirini na tano kuliko ile aliyoiendesha baba kwa tajiri wake. Nimekaa nalo miezi minne. Bampa nimeipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Ile kijani nimeichanganya mara tisa ndipo ikakubali. Nakutumia picha, na wewe unachoona ni bonyeo la madigadi tu. Unaniambia nilijaze, kwa sababu magari hayatoki kiwandani yamebonyea.

Nani kakuambia natengeneza gari la kiwandani? Natengeneza gari la baba. Na lilivyobonyea unajua kuliko mimi, maana usukani ulikuwa mikononi mwako, na baba ndiye aliyesema ni yeye, akafukuzwa kazi. Usinifundishe usahihi.

Jana nilimpa baba alishike. Akapapasa boneti, akapapasa taa, akafika kwenye bonyeo, kidole kikatulia hapo. Akaniuliza, "Kaka yako anakuja lini?"

Mjibu mwenyewe, na si kwa barua, maana hawezi tena kuisoma.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike