Tusekile, Baba Haumwi

Mpendwa mdogo wangu Tuse,

Kama maneno haya yamekukuta umeshakata tiketi, kaa chini kwanza uyasome. Baba haumwi. Ile picha uliyoiona kwenye magrupu, baba amejifunika blanketi hadi kidevuni na chini pameandikwa "Tuse, popote ulipo, rudi umuwahi mzee", ni uongo wa mchana kweupe. Ilipigwa nyumbani Itumba, chumbani kwake, na aliyeipiga ni Amani. Dakika chache kabla, baba alikuwa shambani anapalilia. Picha ilipokwisha alikula ugali na maharage, akaomba aongezewe. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya.

Naandika hadharani kwa sababu sijui uliko, na namshukuru Mungu kwamba sijui. Amani hupita hapa kibandani kwangu karibu kila siku kuuliza, nami namjibu ukweli mtupu nikimtazama usoni. Ananikodolea macho weee, halafu anacheka. "Sawa shemeji, tutampata tu." Anasema tutampata kwa sauti ileile anayowaambia wenye mizigo kwamba lori lao limeshavuka mpaka.

Yote haya yalianza na ile filamu, mdogo wangu. Nani hakuiona Tunduma nzima? Kila kibanda umiza cha video kilikuwa kinaionyesha, na DJ wetu aliyeiwekea Kiswahili juu ya Kizungu alikuwa fundi wa kuchekesha watu. Wewe na mimi tulibanana kwenye benchi la mbele na mahindi yetu ya kuchoma. Unakumbuka pale stelingi anaposimama chini ya dirisha la binti, mvua inanyesha, binti anafunga pazia, na yeye haondoki? DJ akasema, "Jamaa kakomaa kama nguzo ya umeme!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Wewe ulicheka mpaka ukanipiga na bunzi la hindi begani.

Amani alikuwa benchi la nyuma siku ile. Kesho yake alikuja saluni kwenu na maua ya plastiki, akapiga goti mbele ya wateja wenye dawa kichwani. Tusidanganyane, ulimpenda. Kijana msafi, ana kazi ya kupokea malori mpakani, anaongea na madereva wa Zambia Kibemba chao mpaka wanamwita ndugu. Mtaa mzima ukampa jina la Stelingi. Akatuma mshenga kwa baba, baba akapokea, tukala kuku.

Kisha ukamwambia basi. Hukunieleza sababu zote na sikukubana. Ulichoniambia ni kwamba anakuuliza kwa nini ulicheka na mteja fulani, siku ambayo yeye hakuwepo saluni. Lakini kwenye filamu mwanamke akisema basi ndipo vituko vinaponoga, na watu wetu walikuwa wameshaiona hiyo filamu. Ulishuka Nanyala kumwona shangazi bila kumuaga mtu, ukamkuta Amani amekaa kwenye kiti cha muuza viazi, anakupungia mkono. Ulikwenda Isongole kununua nguo, akatokea nyuma ya mabunda ya mitumba na soda mbili. Makondakta walikuwa wanampigia simu. Muuza vocha alimpigia. Mama wa chapati alimpigia, na alikuwa akisimulia kwa furaha, "Nimemsaidia Stelingi leo!" Hakuna aliyemlipa mtu. Walitaka tu kuona filamu inaishaje.

Jioni moja ulikaa kwenye kile kigoda pembeni ya cherehani yangu, ukaniuliza, "Dada, mbona wao wanacheka na mimi naogopa?" Nikaacha kushona.  

Halafu ukakipata kitabu. Ulikitoa kwenye rundo la vitabu vya mtumba ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kimechanika jalada, na ukarudi unanipigia kelele kwamba kumbe filamu yetu ilitoka humu. Ukawa unanisomea kila baada ya kazi, unatafsiri mwenyewe, mimi napiga pindo. Tulikuwa tumejiandaa kucheka. Weee! Kwenye kitabu anayesimulia ni yule binti. Mvua ni ileile, dirisha ni lilelile, lakini sasa tuko ndani na yeye. Tulijua kwa nini alifunga pazia. Alisukuma kitanda akakiegemeza kwenye mlango, akakaa sakafuni mpaka kulipokucha, anasikiliza kama viatu vitaondoka. Ulisoma pale sauti ikapungua, ikapungua, ukafunga kitabu juu ya kidole. Ukasema, "Kumbe alikuwa anaogopa toka mwanzo." Filamu haikuonyesha chumba kile hata mara moja.

Na mwisho wake, unaukumbuka? Kwenye filamu marafiki wanamdanganya binti kwamba bibi yake yuko mahututi. Anarudi mbio, anakuta stelingi na maua, bibi mzima wa afya, watu wote wanapiga makofi, wanakumbatiana, wimbo unaanza. Kwenye kitabu pia anarudi. Anaona maua, anaona makofi, anashusha mguu kwenye ngazi ya basi, na kitabu kinaishia hapo. Nilikasirika. Nikakwambia mwandishi gani huyu anatuacha njiani. Ukajibu bila kuinua macho, "Hakutuacha njiani. Amejua tunajua."

Wiki hiyohiyo ukaondoka, na begi lako dogo la kanisani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Stendi ya Tunduma wameshakuandalia mapokezi yaleyale ya filamu. Kwaya imeshafanya mazoezi. Wanawake wa mtaa wamenunua sare, kitambaa cha zambarau, na wamekileta kwangu nishone. Kwangu mimi, Tuse! Wananiambia niharakishe, wanacheka, wanasema safari hii hata mimi nitalia kwa furaha. Sio watu wabaya. Ni majirani walewale waliomzika mama pamoja nasi, na ukiwaambia kuna kitu hakiko sawa wanakupiga kibega, "Acha hizo, wivu wa dada huo."

Juzi Amani mwenyewe alileta kitambaa cheupe. Gauni lako. Alikuwa na kipande cha karatasi chenye vipimo, nami nikavisoma kimoja kimoja. Kifua, kiuno, urefu mpaka kifundoni, vyote sawasawa, na mabega umepungua kidogo kuliko nilivyokupima mimi mwisho. Nikamuuliza kavitoa wapi. Akatabasamu. "Shemeji, mtu wangu nisimjue?"

Mimi sikumpa. Na umepungua lini, kama hajakuona tangu uondoke? Hama hapo ulipo, mdogo wangu. Usimuage mtu. Hata huyo unayemwamini, hata huyo anayekuhurumia, maana hata mama wa chapati alikuwa anakuhurumia.

Nilipanda Itumba nikampigia baba magoti. Nikamwambia, baba, usiiigize hii kitu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, kijana ana nia njema. Ni vichekesho vya mapenzi tu, atafurahi akifika." Anaamini. Anafurahia hata, sijamwona na furaha hivi tangu mama alipotuacha. Amani amemfundisha kukohoa, kwa ajili ya siku utakayopiga simu. Nilimsikia kupitia ukutani anafanya mazoezi, anakohoa, anatulia, anauliza, "Hivyo?" Na Amani anamjibu, "Kizito kidogo, mzee. Toka chini."

Gauni silishoni. Nimewaambia cherehani imeharibika, na sijui watanielewa mpaka lini.

Kwa hiyo ukipiga simu ukasikia kikohozi, kata. Ni cha kufundishwa. Lakini baba anazeeka, Tuse, nami nimelifikiria hili mpaka kichwa kinaniuma: ipo siku kitakuwa cha kweli, na kwenye simu vikohozi hivyo viwili havitakuwa na tofauti. Siku hiyo pia usije. Tangazo litakuwa la kweli, picha itakuwa ya kweli, na nitalia kwa jina lako nikikuita kama wanavyoita wafiwa. Usije hata ukinisikia mimi. Nitamzika baba kwa niaba yetu wawili, nitatupa udongo mara mbili, na wa kwako nitautupa kwanza.

Lala salama huko nisikokujua.

Ni mimi dada yako, niliyekuachia ziwa.