Mtungi Uliorudi Umejaa

Bukiriro, Jumamosi, 11 Novemba 1995. Asubuhi ukungu mzito bondeni. Mvua ya usiku imekatika, migomba bado inachuruzika maji.

Baba,

Shikamoo. Leo Fundi Gervasi alikuja nyumbani kwako.

Alikuja na mtungi wa pombe ya ndizi uliofunikwa majani mabichi, na wazee wa ukoo wake wameshika mirija. Alivaa koti lake la Pasaka. Maana yake unaijua: tukinywa naye mtungi mmoja, kesi imekwisha, na hakuna wa kwetu atakayemlaumu tena kwa ajili yako. Mama alikuwa tayari. Amechoka, Baba. Tangu tukuzike hapati usingizi, na padri amemwambia kusamehe ndiko kupumzika. Mimi sikuwa tayari. Mimi nilitaka aumie.

Watu wanasema umeuawa na majambazi wa pori la Biharamulo. Sawa, risasi ni zao. Lakini magari mengine yote ya msafara uliokuwa nao siku ile yalivuka pori pamoja na askari wa kusindikiza. Pikapu yako peke yake ilibaki nyuma mlimani, haina nguvu, inatoa moshi wa bluu, na injini ilikuwa imetoka kuundwa upya juzi juzi tu. Nani alikuacha pale?

Nakumbuka ulivyouza shamba la kahawa, lote, ili umlipe Gervasi. Nilikuambia fundi wa Nyamiaga anataka nusu ya bei ile, tena humtaka mwenye gari akanunue spea mwenyewe Mwanza, azilete kwa mkono wake. Ukanicheka. "Odeta, cha rahisi ni ghali. Halafu Gervasi ni baba wa ubatizo wa mdogo wako. Atanila mimi?" Tangu wakimbizi waje, na nyuma yao magari meupe ya misaada, kila fundi hapa alipandisha bei. Wewe ukadhani bei kubwa ndiyo kazi nzuri.

Alikurudishia gunia la spea kuukuu, kama ilivyo desturi ya mafundi wetu, ili mwenye gari aone kilichotolewa. Ukalitikisa uani tukiwa tumesimama wote. "Sikieni! Hizi ndizo ringi za pistoni zilizokuwa zinakunywa oili yangu." Ukalitundika ghalani kama mtu aliyeua chui. Moshi ulipoendelea nilikuuliza, ukanijibu kwa maneno ya Gervasi: "Injini mpya inajizoeza. Moshi utaisha."

Moshi haukuisha. Uliisha wewe.

Gari lilipovutwa hadi nyumbani, nilimwita fundi wa Nyamiaga aifungue injini. Alifanya kazi chini ya upenu wa ghala. Pistoni zilikuwa bado na ringi zako za zamani, zimelika, zimegandiwa na masizi. Gervasi alisafisha nje tu, akapaka rangi. Nikauliza, sasa zile za kwenye gunia ni za nani? Fundi akachukua moja akaiweka kwenye mdomo wa silinda. Haikuingia. Akaibana kwa vidole, ncha zikapandana, na bado haikuingia.

"Hii ni ya lori, dada," akasema. "Mzee aliuziwa gunia."

Siku ile sikulia. Nililia baadaye, nilipoikuta kofia yako nyuma ya kiti.

Leo basi wazee walipokwisha kukaa, niliwaamkia wote, yeye pia. Nikawaomba vijana waitoe ile bloku ya injini, tukaiweka kando ya mtungi. Nikampa Gervasi ringi moja kutoka gunia lake mwenyewe. Nikamwambia, "Baba wa ubatizo, iingize tu. Ikiingia, mrija wa kwanza ni wangu."

Akacheka. "Mtoto wa sekondari ananifundisha injini!"

Mzee Bernardo, mkubwa wa ukoo wao, akamwambia, "Si kazi yako? Iingize tunywe, koo zimekauka." Wengine wakacheka.

Akaijaribu. Akaigeuza. Akaibana. Ungemwona, Baba, jasho lilivyomtoka ndani ya koti lile. Mwishowe akasema vijana wake walichanganya magunia. Nikamwekea pistoni zako mapajani, juu ya suruali safi, na masizi yake. "Na hizi je, nazo walichanganya?"

Hapo hakuna aliyecheka.

Mzee Bernardo ndiye aliyeanza. Aliuchomoa mrija wake mtungini, akaupangusa, akaulaza chini. Wengine wakafuata. Alibaki Mama. Alikuwa ameushika mrija wake muda wote, nami niliogopa, kwa sababu kama angekunywa nisingeweza kumkataza. Aliutazama. Kisha akauvunja.

Gervasi alijitwika mtungi wake mwenyewe. Hakuna mzee aliyemsaidia. Akashuka nao njiani umejaa mpaka shingoni, watu wakipanda kutoka sokoni. Nikamsikia mwanamke mmoja akimwita, "We Fundi, mbona pombe inarudi nyumbani?" Pombe ilimmwagikia kwenye koti. Nilisimama pale pale mpaka akapotea kwenye kona.

Nilidhani nitashiba. Sijashiba.

Bado watu wanampelekea magari. Bado kuna mtu atauza shamba, atapewa gunia, atalitikisa mbele ya watoto wake kama ulivyolitikisa wewe. Kwa hiyo nakuahidi hivi. Siku ya gulio nitaipakia bloku kwenye mkokoteni, nitakaa nayo mkabala na gereji yake, na kila mwenye gari atakayefika nitamwekea ringi mkononi: jaribu mwenyewe. Sitamtukana mtu. Gulio baada ya gulio, mpaka afunge lango. Padri ananiombea nisamehe. Naye aendelee, kila mtu na kazi yake.

Siku lango lile likifungwa, nitalizika gunia hili miguuni pako, na ndipo nitakapomnywea pombe yake. Wewe pumzika, Baba. Mlima ule hutaupanda tena.

Binti yako,
Odeta

Mama amelala leo, namsikia anakoroma. Nami nazima taa. Saa saba na nusu usiku.