Mafuta ya Ng'ombe Kwenye Bawaba

Valary,

Baiskeli yako ya kukunja iko tayari, lakini soma hii kwanza. Asubuhi ilipojikunja ukaanguka, uliniambia, "Ni mimi sikuifunga vizuri, nyanya." Hapana. Jana niliipaka bawaba yake mafuta ya kukamulia ng'ombe, isikupigie kelele njiani, nayo yakaingia kwenye komeo lake, likateleza.

Nimeyapangusa yote. Fundi Opiyo amekaza nati. Sasa komeo halifungi mpaka ulisukume kwa kiganja. Likifunga kwa urahisi, usipande. Siku nyingine mafuta yawe tone moja, kwenye pini tu.

~~Afadhali utembee kwa miguu.~~ Endesha, ila polepole kwenye mteremko wa Merigi.

Nimepeleka majani ya chai kituoni kupimwa uzito. Uji uko kwa chupa. Na nilikuona ukinusa mafuta yangu kwenye ile bawaba kabla ya kusema ni wewe.

Nyanya