Skrinshoti Mbili za Editha

Jumatatu, 9 Septemba

Uji wa ulezi, kisha simu. Mitandao miwili ya kutunzia picha leo. Wa kwanza unataka kadi ya benki. Nimeufunga. Wa pili ukaleta matangazo ya wanawake wasio na nguo, na dada yangu kasimama nyuma yangu, kaja kutoka Chala na mahindi yake. Nikamwambia ni virusi.

Mwisho wa malalamiko chuoni ni Ijumaa saa kumi jioni. Editha, binti yake ninayekaa naye hapa Mazwi, aliomba chuo cha uuguzi kwa simu yangu hii. Mfumo ukaandika maombi yamepokelewa. Nikapiga skrinshoti mbili. Sasa mfumo unasema haumjui. Fomu yao ya malalamiko haina pa kubandika picha, inataka linki tu, ndiyo maana natafuta mtandao wa kuziweka. Nimemwambia dada asihofu, mimi ndiye niliyetengeneza redio ya paroko kwa kijiko ikashika hadi Ureno. Kaondoka anacheka.

Mimi sicheki. Naogopa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepata! Mtandao wa tatu. Bure, hauulizi jina, hauulizi namba. Mtandao wenye adabu. Masharti marefu, ya Kiingereza. Nikabonyeza nakubali. Niliishia la sita, lakini la sita la zamani ni kidato cha nne cha leo.

Linki nimewatumia chuo. Nimeirusha pia kundi la jumuiya, la ukoo na la wakulima wa mbegu, waone kazi ya mwanaume. Wamefungua, wakawarushia na wengine. Sifa tupu siku nzima.

Simu ilikuwa imejaa. Nimefuta zile skrinshoti, maana sasa ziko mtandaoni, salama. Video ninayocheza harusini nimeiacha.

Alhamisi, 12 Septemba

Chuo wamejibu. Linki haionyeshi kitu.

Nimefungua. Kweupe. Maneno mawili matatu ya Kiingereza. Editha kanisomea: picha imetazamwa kupita kiasi cha bure, imeondolewa.

Ni mdomo wangu. Ni mimi.

Nimepekua simu nzima. Hakuna. Nimewaandikia wenye mtandao kwa Kiswahili, kwa heshima zote. Kimya. Ugali umenishinda.

Editha kaniuliza, “Mjomba, si bado unazo kwenye simu?” Nikasema ninazo. Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine wa kuchekesha kanisa zima. Huu ni mfupi kuliko wote.

Ijumaa, 13 Septemba

Asubuhi nimemwambia ukweli. Hakulia. Afadhali angelia.

Kachukua simu, kaandika kwenye makundi yote matatu: aliyehifadhi zile picha anisaidie. Wakaanza. “Fundi kapotelewa na nyundo!” “Mjomba, uliza Ureno!” Nikavumilia. Saa nne. Saa sita. Nikawaza nitamwambiaje dada.

Saa saba na nusu kajibu Masanja, mfugaji wa Milepa, wa kundi la mbegu. Kwake mtandao haushiki mpaka apande kilimani na ng'ombe. Kila anachofungua kule juu hukipiga skrinshoti, akakisome nyumbani. Anazo zote mbili, akazirusha.

Mtandao wa nne kachagua Editha mwenyewe. Kasoma masharti mpaka chini, mstari kwa mstari. Nilitaka kumnyang'anya simu, muda unakwisha. Sikuthubutu. Tumetuma saa tisa na dakika arobaini.

Jumapili, 15 Septemba

Jibu lilikuja juzi jioni. Picha zinaonekana, jina la Editha limerudi kwenye orodha. Dada kapiga simu, kalia, kakata.

Baada ya misa watu wakanizunguka nisimulie nilivyofanya. Nikasema amefanya Editha, na Masanja wa Milepa. Wakasubiri niendelee. Nikamwita Editha tuondoke.

Tumerudi kwa miguu. Upepo mwingi, vumbi. Editha mbele, mimi nyuma.